Feliki Angali Anaahirisha Kesi

Msomaji wa Matendo ya Mitume anaikumbuka kesi ya Paulo mbele ya liwali Feliki huko Kaisaria. Washtaki walifika pamoja na msemaji wao Tertulo, mshtakiwa akajitetea, na katika yote yaliyosemwa siku ile hapakuwa na ushahidi wa kumtia hatiani. Lakini Feliki hakuamua. Aliahirisha kesi mpaka jemadari Lisia ateremke. Kitabu hakisemi kama Lisia alifika. Kinasema kwamba liwali alimwita mfungwa mara kwa mara akitumaini kupewa fedha, kwamba miaka miwili ilipita hivyo, na kwamba Feliki alipoondoka katika cheo alimwacha Paulo kifungoni ili awapendeze wakubwa wa mahali pale. Festo aliyemrithi ikambidi aanze kusikiliza upya.

Wakili yeyote wa Kenya asomaye sura hizo hujiona yuko kazini. Shahidi asiyefika, kitu kidogo kinachongojewa, hakimu anayehamishwa, kesi inayoanza upya: ndiyo mambo yale yale yanayojaza rumande zetu. Karibu miaka elfu mbili imepita, na Feliki angali kitini.

Mwandishi wa tahariri hii aliwahi kumtetea kijana mmoja, fundi wa baiskeli, aliyeshtakiwa kwa wizi wa kimabavu. Mahakama siitaji, maana kisa chenyewe kingeweza kutokea katika mahakama yoyote ya nchi hii. Alikubaliwa dhamana, lakini kwa sharti la hati ya shamba. Mama yake hakuwa na hati; shamba walilolilima lilikuwa bado kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Basi kijana akabaki rumande. Kila baada ya siku kumi na nne alipandishwa lori la magereza, akakaa katika seli ya mahakama tangu asubuhi, akaitwa, akasimama kizimbani dakika mbili, akapewa tarehe nyingine. Mara shahidi hayupo. Mara mpelelezi amehamishwa. Mara faili ya polisi haikuletwa. Mara hakimu yuko kwenye semina. Na siku moja, jambo ninaloliandika kwa aibu, kesi iliahirishwa kwa sababu mimi wakili wake nilikuwa Mahakama Kuu nikimshughulikia mteja aliyelipa zaidi.

Kijana huyo aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi baada ya miaka mitatu na miezi mitano. Mlalamishi hakuwahi kufika hata mara moja. Zana zake za kazi zilikuwa zimekwisha kuuzwa, moja moja, kulipia nauli ya mama yake ya kuja kortini. Sheria ilisema hana hatia. Lakini je, nani atasema hakuadhibiwa?

Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu walitafakari. Tumezoea kuuita ucheleweshaji wa kesi upungufu, kana kwamba ni ukame uliotoka mbinguni. Sisi tunasema kwamba kuchelewesha kesi ni kutoa adhabu bila hukumu, na mtawala asiyependa sheria amelijua hilo siku zote.

Historia yetu wenyewe inashuhudia. Katika miaka ya 1986 na 1987, wakati wa msako wa Mwakenya, mahakama zetu hazikuwa na uzito wowote wa mwendo. Washukiwa waliotolewa katika vyumba vya Nyayo House walifikishwa mbele ya hakimu, wengi wao jioni baada ya saa za kazi na bila wakili, wakakiri na kufungwa papo hapo. Miaka michache baadaye, dola ilipoona haja ya mwendo mwingine, mwendo ukabadilika. Koigi wa Wamwere alikamatwa Novemba 1993 akashtakiwa Nakuru kwa wizi wa kimabavu, kosa ambalo wakati ule halikuwa na dhamana, na hukumu haikutolewa mpaka Oktoba 1995. Mahakama ile ile iliyoweza kukimbia iliweza pia kutambaa. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika saa.

Desemba 1991 tulifuta kifungu cha 2A cha katiba ya zamani, na vyama vingi vikarudi. Wengi wetu tulidhani kwamba kura ikishakuwa huru, mengine yatafuata. Lakini mwananchi maskini haioni serikali Bungeni. Anaiona korokoroni, anaiona kizimbani, anaiona katika ukumbi wa mahakama mama yake akisubiri jina liitwe. Mwaka 1998 kamati iliyoongozwa na Jaji Richard Kwach ilikiri kwamba hongo ilikuwa imeingia mpaka kwa mahakimu na majaji. Uhuru wa kupiga kura ambao haujafika katika ukumbi huo ni uhuru nusu.

Wala hatuwezi kusema kwamba sheria haipo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inaamuru, katika kifungu cha 49, kwamba anayekamatwa afikishwe kortini katika muda usiozidi saa 24, na kwamba apewe dhamana kwa masharti ya kadiri ila pawepo sababu nzito za kumnyima. Inakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake, hata akipatikana na hatia, adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu cha 50 kinampa kila mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kucheleweshwa pasipo sababu. Kifungu cha 159 kinawaambia majaji na mahakimu kwamba haki isicheleweshwe. Hata Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai, iliyokuwapo tangu enzi ya ukoloni, inaweka mpaka: kesi ya aliye rumande isiahirishwe kwa zaidi ya siku 15, na ya aliye nje isizidi siku 30.

Angalieni basi jinsi kanuni njema ilivyogeuzwa kuwa mazoea matupu. Zile siku 15 ziliwekwa ili hakimu aulize, kila mara, kwa nini kesi haiendelei. Leo mshtakiwa huletwa, kesi ikatajwa, akarudishwa. Andiko la sheria limetimizwa, na haki haikusogea hata hatua moja.

Watatujibu kwamba mahakimu ni wachache na fedha hazitoshi. Ni kweli, na lawama haiwaangukii mahakimu peke yao. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza watu 41 wateuliwe kuwa majaji, wakiwamo wa Mahakama ya Rufaa ambako waliofungwa hupeleka malalamiko yao. Rais wa wakati huo hakuwateua mpaka Juni 2021, na hata hapo aliteua 34 tu; sita waliobaki hai katika orodha waliapishwa Septemba 2022, chini ya rais aliyemfuata. Serikali inayoinyima mahakama majaji na fedha, kisha ikailaumu kwa uvivu, imefunga miguu ya ng'ombe na kumpiga kwa kutolima.

Lakini uchache wa mahakimu hauelezi kwa nini faili ya polisi isiletwe, wala kwa nini hati ya shamba idaiwe kwa mtu asiye na shamba. Hayo yanahitaji mtu wa kuyauliza. Tunapendekeza mambo manne, ambayo hayangoji kura ya maoni wala sheria mpya.

Kwanza, kila kesi ikiahirishwa, sababu iandikwe, na pamoja na sababu liandikwe jina la aliyesababisha: polisi, kiongozi wa mashtaka, wakili au mahakama yenyewe. Mwisho wa mwaka orodha hiyo isomwe hadharani. Sisi mawakili tusijitoe. Baadhi yetu tunaishi kwa kuahirisha.

Pili, dhamana ipimwe kwa hali ya mtu. Miongozo ya dhamana iliyotolewa mwaka 2015 inataka hivyo. Mchungaji, mwajiri au mzee wa kijiji anayemfahamu mshtakiwa ni ushahidi bora wa kwamba hatatoroka kuliko karatasi ya shamba.

Tatu, hakimu asihamishwe akiwa na kesi aliyokwisha kusikiliza mashahidi wake, ila kwa dharura. Chini ya kifungu cha 200 cha sheria niliyoitaja, mshtakiwa aweza kudai mashahidi waitwe tena mbele ya hakimu mpya. Ni haki yake. Lakini ni haki isiyopaswa kumpata mtu mara tatu katika kesi moja.

Nne, makosa madogo yaondolewe njiani. Tangu mwaka 1998 tunayo sheria ya adhabu ya kutumikia jamii, na Katiba inahimiza upatanisho. Mtu aliyeiba kuku hana haja ya kungoja rumande muda mrefu kuliko kifungo ambacho angepewa.

Hapa lazima tuseme neno la tahadhari. Hatuombi haraka ya mwaka 1986. Wala hatusemi kwamba aliyenajisi mtoto apatanishwe na wazazi kwa mbuzi wawili. Mtoto huyo naye ni mwathiriwa wa kuahirisha: kila tarehe inayosogezwa anasahau, anatishwa, au wazazi wake wananunuliwa. Ucheleweshaji humtesa asiye na hatia, na humkomboa mwenye hatia. Mwenye haki ndiye pekee asiyefaidika nao.

Sasa ndugu wa makanisani. Mnakwenda magerezani mara kwa mara na sabuni, mikate na nyimbo, na ni kazi ya rehema iliyoamriwa. Ongezeni swali moja. Mwulizeni kila aliye rumande: kesi yako ni lini, na mara ya mwisho iliahirishwa kwa nini? Andikeni. Siku ya kesi, parokia itume watu wawili waketi kortini. Mahakama zetu ziko wazi. Hapana haja ya kibali kuketi kwenye benchi. Hakimu anayeona nyuso zile zile, na daftari zile zile, tarehe baada ya tarehe, atauliza faili iko wapi kabla ya kuulizwa. Daftari hizo zipelekeni mbele ya Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya mahali penu, kwa maana kamati hizo zipo na makanisa yana haki ya kusikilizwa humo.

Mwaka 1992 akina mama waliketi Uhuru Park, na walipopigwa wakaendelea katika Kanisa Kuu la All Saints, wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa. Walikuwa wachache, na hawakuwa na silaha ila kukaa. Wana walio rumande leo wengi hawana siasa yoyote. Ni vibarua, ni mafundi wa baiskeli, na mama zao hawajulikani. Je, hao hawana wa kuketi kwa ajili yao?

Mjane wa mfano ule wa Luka hakumshinda kadhi dhalimu kwa elimu ya sheria. Alimshinda kwa kurudi. Nasi turudi, kila tarehe ya kesi, mpaka Feliki aamue.