Paa la Asbestosi na Mapafu ya Kibarua



Malipo ya korosho yakishafika mikononi mwa wakulima, miji na vijiji vya Masasi na Newala huanza kusikika milio ya nyundo. Nyumba ya nyasi hupata bati, nyumba ya bati hupata sakafu, na yule aliyerithi au kununua nyumba ya zamani huanza kufikiri namna ya kuliondoa paa lililochakaa. Juhudi hizo twazipongeza, kwa kuwa makao bora ni haki ya kila mtu. Ila lipo paa moja ambalo twaomba lisiguswe kwa haraka, nalo ni paa la asbestosi.

Watu wetu huliita bati ingawa halina chuma. Asbestosi ni madini ya mwambani yenye nyuzinyuzi, ambayo viwandani yalichanganywa na saruji yakafanywa mabati ya migongo, mabomba na dari. Kwa kawaida nyuzi hizo huwa kama sehemu moja katika kumi ya bati, pengine zaidi. Mabati hayo ni mazito na ya kijivu, nayo huota kuvu nyeusi kadiri yanavyozeeka. Ukiyagonga hayalii kama chuma, na yakianguka huvunjika kama chungu. Katika nchi yetu yaliezekwa tangu enzi ya ukoloni hata miongo kadhaa baada ya Uhuru, juu ya nyumba za watumishi, shule, maghala, hospitali na majengo ya misheni. Waliojenga walikuwa na sababu zao: paa hilo haliungui, haliliwi na mchwa, na jua la mchana likiwa kali nyumba hubaki na ubaridi usiopatikana chini ya bati la chuma. Basi ndugu yetu aliye Mkomaindo, Newala mjini au kwingineko, anayeishi katika nyumba iliyojengwa na serikali, shirika la umma au wamisionari miaka 40 au 60 iliyopita, ainue macho atazame kilichomfunika. Na yule aliyenunua nyumba ya serikali zilipouzwa kwa watumishi kuanzia mwaka 2002 akumbuke kwamba alinunua kuta, kiwanja na paa pia.

Madhara ya asbestosi hayakugunduliwa jana. Mwaka 1924, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, alifariki mwanamke mmaja wa kazi za kiwandani aitwaye Nellie Kershaw, mwenye umri wa miaka 33. Daktari aliyeyachunguza mapafu yake aliyakuta yamejaa vumbi la asbestosi, lakini kampuni ya Turner Brothers iliyomwajiri ilikataa kuwajibika, hata kwa gharama za maziko. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ikatunga kanuni za kuwakinga wafanyakazi wa viwanda hivyo. Pamoja na hayo, biashara iliendelea na kustawi kwa miongo mingi, na kundi hilohilo la makampuni lilimiliki machimbo makubwa ya Shabani na Mashaba katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko Afrika Kusini wachimbaji na wanakijiji waliougua walilazimika kwenda mpaka London kudai haki zao. Mwaka 2000 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, liliamua kwamba kampuni ya Cape inaweza kushtakiwa hukohuko, na mwaka 2003 madai ya watu zaidi ya 7,000 yakamalizwa kwa mapatano. Wengi walikuwa wamekwisha kufa wakisubiri.

Nyuzi za asbestosi ni nyembamba mno, jicho halizioni. Zikivutwa kwa pumzi hujichoma ndani ya mapafu na kubaki humo. Baada ya miaka 20, 30 au hata 40, huleta mapafu makavu yasiyopanuka, saratani ya mapafu, au saratani ya utando unaoyazunguka. Mvutaji wa sigara hatari yake huongezeka maradufu na zaidi. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba aina zote za asbestosi huleta saratani, na linakadiria kwamba vifo zaidi ya 200,000 hutokea kila mwaka duniani kwa sababu ya kuivuta kazini. Hapa kwetu mtu akija zahanati na kikohozi kisichoisha hutafutiwa kwanza kifua kikuu, na ni sawa kufanya hivyo. Lakini ni nani atakayemwuliza mzee wa miaka 60 kama alipata kuvunja paa la ghala alipokuwa kijana wa miaka 25?

Sasa tuelewane vizuri, maana hofu isiyo na maarifa nayo huua. Kulala chini ya paa la asbestosi lililo zima, lisilopasuka wala kumomonyoka, hakumdhuru mtu kama kulivunja. Nyuzi zimeshikwa na saruji. Hatari huamka pale bati linapokatwa kwa msumeno au grenda, linapotobolewa, linapopigwa nyundo, linaposuguliwa kwa brashi ngumu ili lipakwe rangi, au linapotupwa chini kutoka juu. Kwa hiyo familia isiyo na uwezo haikosei ikiliacha paa lake zima mahali pake, bila kulisugua wala kulipanda, huku ikiweka akiba. Wako wanaouliza juu ya maji ya mvua, jambo lililo zito kwa watu wa uwandani. Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi thabiti kwamba nyuzi zikinywewa hudhuru kama zinavyodhuru zikivutwa. Lakini tope la kwenye mifereji ya paa, likikauka, ni vumbi kama vumbi lingine, nalo lizolewe likiwa bado bichi.

Kazi yenyewe ya kushusha ndiyo yenye gharama. Tuhesabu nyumba moja ya wastani yenye paa la meta za mraba 100. Kila meta ya mraba ya bati la asbestosi ina uzito wa kilo 15 hivi, basi paa zima ni kama tani moja na nusu, na ndani yake mna kilo 150 au zaidi za asbestosi yenyewe. Mzigo huo haubebwi kwa mkokoteni. Mabati yalowanishwe kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, na yaendelee kuwa mabichi muda wote wa kazi. Boliti na misumari ifunguliwe mojamoja, si kung'olewa kwa mtaimbo. Mafundi wapite juu ya mbao, kwa kuwa paa hilo likizeeka hupasuka ghafla chini ya mguu, na aliyeanguka kutoka juu hatangoja miaka 30 ili afe. Wavae barakoa maalumu za kuzuia vumbi laini, maana kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani. Katika nchi za viwanda wanawake wengi waliugua kwa kufua tu nguo za waume zao, wala hawakupata kukanyaga kiwandani. Kila bati lishushwe zima, lifungwe katika nailoni nene, lipakiwe, lipelekwe kufukiwa. Majirani na watoto wawe mbali mpaka kazi iishe.

Juu ya uwanda wa Makonde hata hilo sharti la maji ni gharama. Maji ya Newala husukumwa kwa mashine kutoka chanzo cha Mitema bondeni, na wazee wanakumbuka jinsi mama zetu walivyoteremka miteremko na kupanda na mitungi kichwani. Fundi akiambiwa alowanishe paa zima kwa mapipa ya maji ya kununua, huku anayemlipa akinung'unika, ni rahisi mno kusema leo tufanye kikavu. Ndiyo maana maji yahesabiwe katika bei ya kazi tangu mwanzo, pamoja na barakoa, nailoni, lori, shimo, na siku za ziada zinazohitajika kwa kazi ya polepole.

Mara nyingi mwenye jengo huletewa makadirio mawili. La kwanza ni kubwa na lina vitu hivyo vyote. La pili ni nusu yake, na katika hilo vijana wanne watapanda asubuhi na nyundo, jioni paa litakuwa chini. Huchaguliwa la pili, na wajumbe wa kamati hupongezana kwa kuokoa fedha. Twasema wazi kwamba tofauti ya bei hizo mbili haikuokolewa. Imehamishiwa katika vifua vya vijana wanne ambao majina yao hayamo hata katika mkataba. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba, zaidi ya mwajiri anayemlipa mfanyakazi, wapo pia waajiri wasio wa moja kwa moja, wale ambao maamuzi yao hupanga masharti ya kazi ya mwingine. Kamati inayochagua bei ya chini ikijua sababu ya uchini wake imo katika kundi hilo. Nchi yetu inao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Lakini kibarua wa siku mbili, asiye na mkataba wala cheti, atawezaje kuthibitisha baada ya miaka 30 kwamba aliugua kwa kazi ya siku hizo mbili?

Katika sura ya 14 ya kitabu cha Mambo ya Walawi twasoma juu ya nyumba iliyopatwa na pigo. Kuhani anaamuru vyombo vitolewe kwanza, mawe yenye pigo yaondolewe, na hata vumbi lililokwanguliwa ukutani lipelekwe nje ya mji, mahali palipotengwa. Hakuna ruhusa ya kumpa maskini mawe yale akajengee jiko. Kwetu sisi, mabati ya asbestosi yaliyoshushwa huombwa na watu wenye shida, wakaezekea choo, banda la kuku au jiko, wakiyakata kwa msumeno yatoshee. Anayeyatoa huona ametenda tendo la huruma. Huruma ya namna hiyo ikome, na isianzie kukomea kwingine ila katika parokia, shule na zahanati zetu wenyewe. Taasisi ya Kanisa isiyo na fedha za kufukia paa la zamani haijawa tayari kununua paa jipya.

Taka hizo ni za hatari, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake inataka zisafirishwe na kutupwa kwa kibali. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wa kuulizwa kabla ngazi haijaegeshwa ukutani. Kenya ilipiga marufuku matumizi ya asbestosi mwaka 2006, lakini marufuku peke yake haishushi paa hata moja. Mwenye nyumba bado anahitaji mahali pa kupeleka mzigo wake. Kwa hiyo twaziomba halmashauri za Masasi na Newala zitenge eneo, mbali na makazi na vyanzo vya maji, lichimbwe shimo refu, lizungushiwe uzio, na liandikwe katika ramani ili miaka 50 ijayo asije mtu akalima hapo au kupanda mikorosho. Asbestosi haiozi. Pia hospitali, shule, misikiti na makanisa wangeweza kupatana wakashusha mapaa yao katika kipindi kimoja, wakaajiri kikosi kimoja kilichofundishwa na lori moja lenye kibali. Gharama isiyobebeka na parokia moja hubebeka na taasisi sita.

Wenye vipande vya asbestosi vilivyoegeshwa nyuma ya nyumba, wasivisage kuwa kifusi cha njia wala wasivichome moto, kwa kuwa vikipashwa joto hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae. Wavimwagie maji, wavifunike kwa nailoni na udongo mahali watoto hawachezi, na wampe taarifa afisa afya wa kata.