Taa kuwaka si ushahidi kwamba bodi imekamilika

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu ya projekti za mwaka wa nne, kila mtu hapa anakimbizana na tarehe ya kuwasilisha. Leo lakini imebidi niseme. Nimepita maabara jioni nikaangalia bodi zilizopangwa mezani zikisubiri wasimamizi. Jamani! Bodi zinanata. Ukishika upande wa chini kidole kinabaki kimegandia, rangi ya asali iliyoungua kila mahali. Ukiuliza unajibiwa, "Mbona inafanya kazi? Kusafisha ni urembo tu."

Hilo neno "urembo" ndilo lililonikera.

Kwa wasio wa fani yetu nieleze kidogo. Ukilehemu vifaa kwenye bodi unatumia flaksi. Ile ya kawaida ni utomvu wa msonobari uliotiwa tindikali dhaifu, kazi yake ni kuondoa ile kutu nyembamba ya shaba ili lehemu ishike. Kazi ikiisha inabaki. Utomvu wenyewe hauna neno sana, lakini ile tindikali na chumvi zake zikipata unyevu zinapitisha umeme. Na unyevu jamani tunao, tuko pwani, mwezi wa nne hata shati likianikwa siku nzima halikauki. Weka volti kati ya njia mbili za shaba zilizokaribiana, ongeza uchafu huo na unyevu, metali yenyewe inaanza kuhama na kuota vimizizi kutoka njia moja kwenda nyingine mpaka zigusane. Hilo huenda lisitokee siku ya kuwasilisha. Linaweza kutokea baada ya wiki au miezi, wewe ukiwa umeshapata alama zako.

Sasa nitoe mfano wa humu humu. Kuna mwenzetu anatengeneza kifaa cha kupima pH kwenye bwawa la samaki. Wazo zuri sana. Lakini kile kipimo cha kioo kina ukinzani mkubwa ajabu, kwa kawaida kati ya megaomu 50 na 500. Tuseme chake ni 250. Na tuseme ule uchafu kwenye mguu wa kuingilia wa amplifaya unavujisha kama rezista ya megaomu 500 kwenda graundi. Mita za kawaida tunazoazimana hapa hazioni 500, utapima na utaambiwa pako wazi kabisa. Fanya hesabu: theluthi moja ya volteji imepotea. Maji ya pH 9, yaliyotakiwa kutoa milivolti kama 118 kutoka kwenye 7, yatatoa 79. Skrini itaandika 8.3. Bwawa lenye mwani mwingi linafika 9 mchana bila shida, na kwa joto la maji yetu ile sehemu ya amonia inayoua samaki ni karibu mara tatu zaidi kwenye 9 kuliko kwenye 8.3. Mfugaji anatazama skrini, anaona mambo shwari, samaki wanaelea matumbo juu.

Utasema, si unakirekebisha kwanza kwa vimiminika vya pH 7 na pH 10? Unakirekebisha, ndiyo, ndani ya maabara yenye kiyoyozi. Ukikipeleka bwawani alfajiri kwenye umande, ile 500 inakuwa 100, na marekebisho yako yote yamekwenda na maji. Rezista uliyoinunua unajua thamani yake. Hii hukuichora kwenye mchoro, na inabadilika kila hali ya hewa inapobadilika.

Wajuaji wana hoja ya pili: "Flaksi yetu imeandikwa haihitaji kusafishwa." Hapa ndipo watu wanaposoma nusu ya maneno. Zamani viwanda viliosha bodi kwa CFC-113, kemikali inayotoboa tabaka la ozoni. Ukaja Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi tajiri zikaacha kuitengeneza ilipofika 1996. Viwanda vingi vikahamia kwenye flaksi zisizohitaji kuoshwa. Lakini kiwandani joto linadhibitiwa, bodi nzima inapita kwenye tanuri, tindikali inaungua au inafungiwa ndani ya utomvu uliokauka. Wewe unaminya flaksi kwa sirinji inatapakaa kote, halafu pasi inagusa ncha tu. Ile iliyotapakaa pembeni haijapata joto. Bado ni kali.

Na mbaya zaidi ni wanaosafisha nusu nusu. Tone moja la spiriti ya duka la dawa, mswaki, sugua sugua, halafu bodi inaachwa ikauke. Hapo umesafisha nini? Umevunja lile ganda la utomvu, umeitoa tindikali nje, umeisambaza bodi nzima. Ule ukungu mweupe unaoonekana baadaye ndio ushahidi. Heri ungeiacha. Pombe haifanyi uchafu uyeyuke ukatoweka, inaubeba tu, na ikikauka inautua pale pale. Inabidi uimwage ya kutosha, isopropili ya asilimia 99, usugue, halafu uinamishe bodi maji machafu yachuruzike kwenye kitambaa kabla hayajakauka, kisha urudie kwa pombe mpya. Flaksi ya kuoshwa kwa maji ni nyingine, hiyo inataka maji yaliyotolewa chumvi, siku ile ile. Na ya fundi bomba, yenye kloridi ya zinki, isiingie maabara kabisa. Tina na petroli muwaachie wapaka rangi na pikipiki, zinakula plastiki.

Mnajua nani anafanya vizuri kuliko sisi wahandisi watarajiwa? Fundi simu. Wengi niliowaona hawarudishi simu bila kupitisha mswaki kwenye bodi, tena wanarudia. Kwa nini? Kwa sababu simu ikifa tena mteja anarudi nayo, na anarudi akiwa amekasirika. Bodi zetu hazirudi, zinaishia kabatini.

Lakini lawama si zetu peke yetu. Karatasi ya kusahihishia ina alama za ripoti, za mchoro, hata za kasha kupendeza. Usafi wa bodi sifuri. Stoo tukiomba isopropili tunaambiwa haimo kwenye bajeti, wakati kipimo kilichotumika viwandani miaka mingi kilikuwa mikrogramu 1.56 tu za uchafu, ukilinganishwa na chumvi ya mezani, kwa sentimita moja ya mraba. Sisi yetu inaonekana kwa macho! Wakubwa, wekeni alama tano tu za usafi muone kama kuna bodi itanata mwakani.

Kwa sasa, bumu likitoka tunachanga watatu tununue lita moja. Anayetaka aje Jumamosi asubuhi, madirisha yatakuwa wazi. Pasi zote zizimwe kabla chupa haijafunguliwa, mvuke wake unashika moto hata kwenye nyuzi 12. Baza, swichi na maikrofoni msizilowanishe. Mswaki kila mtu aje na wake.