Hongo Si wa Samawati

Magic: The Gathering, mchezo wa kadi uliotoka Marekani mwaka 1993, una rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Viumbe wengi hupewa rangi, na wale wa majini aghalabu huwa wa buluu. Naona vijana wetu wanaobuni kadi za mazimwi na mapepo ya kwetu wasiuchukue mpangilio huo mzimamzima.

Chukueni Hongo, pepo wa maji aliyesemekana kumpagaa Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe mwaka 1904, kabla ya Vita vya Maji Maji. Je, tumpake samawati? Neno hilo la asili ya Kiarabu linatokana na mbingu. Pepo wa mtoni tutakuwa tumemvisha joho la angani. Mto wake ni Rufiji, unaopokea maji ya Ruaha Mkuu. Nami nikiutazama mto huo wakati wa masika pale Ruaha, wilayani Kilosa, naona rangi ya udongo.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumeziita kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa. Lugha yenyewe inamwelekeza mbunifu atazame kwanza mahali kiumbe kinapoishi.

Washairi wenzangu, tuwape vijana hao majina ya rangi kabla hawajashika brashi. Hongo na awe wa udongo, ili mtoto wa Ruaha akiishika kadi autambue mto wake.