Maziwa Tumeuza, Soda Tumenunua

Mwulize mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa ng'ombe wake atakula nini leo, naye atakujibu upesi: majani kiasi hiki, pumba kiasi hiki, chumvi, na maji ya kutosha. Tena atakueleza kwamba ng'ombe akikosa chakula cha asubuhi, maziwa ya jioni hupungua. Lakini mwulize mkulima huyo huyo yeye mwenyewe atakula nini saa nne, akiwa amefanya kazi tangu saa kumi na mbili, na mara nyingi hana jibu. Atasema, “Tutaona huko dukani.”

Habari hii ya “tutaona huko dukani” ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Wengine wataiona ni jambo dogo lisilostahili nafasi katika gazeti la wakulima, wakati kuna habari za mbegu, kupe na bei za mazao. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayeshika jembe ndiye chombo cha kwanza cha shamba, na chombo hicho hakipati mafuta yanayokifaa.

Tutazame Tuala, katika Kajiado, ng'ambo ya mto Mbagathi ukitoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Nchi hii ilikuwa malisho mapana ya Wamaasai. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya kundi ya Kitengela iligawanywa, kila mwenye haki akapata sehemu yake, na tangu hapo sehemu nyingi zimekatwa tena na kuuzwa vipande vidogo vidogo. Leo utakuta huko mzee wa Kimaasai mwenye ng'ombe, na jirani yake aliyetoka mbali mwenye kuku mia moja, sukuma wiki ya kumwagilia na ng'ombe mmoja zizini. Wote wawili wana soko karibu: Rongai upande mmoja, Kitengela upande mwingine, na Nairobi yenyewe haiko mbali. Kwa hiyo maziwa huondoka alfajiri kwa pikipiki, na mayai huondoka kwa trei. Kufika saa nne hakuna kitu nyumbani, na mtoto hutumwa kibandani kuleta mandazi na soda.

Yaani mkulima ameuza chakula cha kujenga mwili, na fedha ile ile akanunua unga mweupe uliokaangwa na maji yaliyotiwa sukari. Mwenye faida katika biashara hiyo ni mwenye kibanda.

Hatusemi kwamba andazi ni sumu. Andazi moja na chai siku ya Jumapili halijamwua mtu. Shida ni mazoea ya kila siku. Andazi ni unga, sukari na mafuta, na mara nyingi mafuta hayo yamekwisha kukaangiwa tangu jana na juzi mpaka yakawa meusi. Hushibisha haraka na kuisha haraka. Kabla ya saa sita mtu analegea na kuanza kutazama jua. Soda ndiyo mbaya zaidi. Chupa ndogo ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko saba au zaidi vya chai. Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Basi chupa moja tu imekwisha kupita kiasi hicho, na bado hujahesabu chai ya asubuhi wala ya jioni. Ukinywa chupa moja kila siku ya kazi, siku 6 kwa juma, utakuwa umekunywa chupa 312 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya kilo 9 za sukari. Hakuna mtu ambaye angekubali kuketi na mfuko wa kilo 9 na kijiko.

Zamani ilidhaniwa kwamba ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa shinikizo la damu ni mambo ya watu wa mjini wakaao vitini. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu lililopanda. Jembe halimkingi mtu na chumvi wala sukari. Na kule Kitengela mjini, vijana wa mikokoteni ya soseji, zile waziitazo smoki, wanatia chumvi juu ya nyama iliyokwisha kutiwa chumvi kiwandani. Kachumbari yao lakini ni nzuri.

Nchi hii hii ya Wamaasai ilipata kuwa mfano katika vitabu vya elimu ya chakula. Mwaka 1931 Dakta John Boyd Orr wa Scotland na Dakta Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, walitoa taarifa ya uchunguzi wao juu ya Wamaasai na Wakikuyu. Mmaasai aliishi zaidi kwa maziwa, nyama na damu. Mkikuyu kwa mahindi, mtama, viazi na kunde. Waliona kwamba mwanamume wa Kimaasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake urefu kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23, kama kilo 10. Wakikuyu walionekana na upungufu wa damu zaidi na magonjwa ya mapafu zaidi. Mmaasai naye hakukosa yake: maumivu ya viungo na kufunga choo vilikuwa vingi kwake. Tena walikuta kwamba wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila mboga za majani ambazo waume zao hawakuzigusa, na zikawafaa sana. Mtu mwenye akili akisoma habari hiyo hataanza kubishana ni kabila gani bora. Atachukua maziwa ya huyu na mboga na viazi vya yule, avitie katika kikapu kimoja. Huyo Orr baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo mjukuu wa wale Wamaasai aliowapima anakunywa soda kando ya zizi.

Ninyi mlio katika skimu mnaijua sababu yake kuliko mtu yeyote. Skimu ya Ekari Milioni ilipoanza mwaka 1962, mkulima alipewa ardhi pamoja na deni, na maziwa ndiyo yaliyoleta fedha za kulipa. Wazazi wengi walijifunza tangu hapo kwamba lita inayobaki nyumbani ni lita iliyopotea. Katika miaka ile ilikuwa na maana, maana shamba lenyewe lingeweza kuondoka. Lakini mazoea yamebaki hata mahali ambapo deni halipo tena, na watu wa Tuala ambao hawakupata kuwa katika skimu wameyaiga kwa sababu soko liko mlangoni.

Basi shauri letu ni hili moja: kabla ya kupima maziwa ya kuuza, pima kwanza ya saa nne. Nusu lita kwa kila mtu afanyaye kazi yatosha. Ina protini gramu 16 hivi, na chokaa ya mifupa ambayo soda haina hata chembe. Fanya vivyo hivyo kwa mayai. Liweke yai la kila mfanyakazi kando kabla trei haijajazwa, maana trei ikisha kujaa hakuna mwenye moyo wa kulitoa.

Maziwa yenyewe yachemshwe. Tunajua wazee watacheka, lakini maziwa mabichi huweza kuleta homa ile ya brusela inayotoka kwa ng'ombe wanaotupa mimba, nayo humlaza mtu miezi. Yakisha kuchemka na kupoa, tia vijiko viwili vya maziwa ya mgando ya jana, funika, uyaache mpaka kesho. Ukiwa na kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa wa mzeituni wa mwitu, mti ambao Wamaasai huuita oloirien, utapata ladha ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuiuza. Maziwa ya mgando ndiyo yafaayo zaidi kubebwa shambani, kwa kuwa hayaharibiki upesi kama maziwa mapya. Hayahitaji moto, wala majani ya chai, wala sukari.

Mwenye kukosa ng'ombe na kuku asifikiri kwamba maneno haya hayamhusu. Kiazi kitamu kilichochemshwa usiku katika sufuria ya chakula cha jioni huliwa baridi kesho yake bila taabu, na kile chenye nyama ya rangi ya machungwa huongeza vitamini A ambayo macho ya watoto huihitaji. Nduma ni hivyo hivyo. Hindi la kuchemsha ni zuri. Ndizi mbivu imekuja na kifuniko chake yenyewe. Njugu karanga konzi moja hukaa tumboni kuliko andazi mawili, maana robo ya uzito wake ni protini.

Lakini juu ya njugu na mahindi lazima tuseme neno la ukali. Zilizo na ukungu, zilizonyauka au zenye uchungu zitupwe, wala asipewe kuku wala ng'ombe. Ukungu ule hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, hasa katika Makueni iliyo jirani na Kajiado, na katika Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Nunua njugu nzima zilizokauka, uzikaange nyumbani, uzitie katika chombo kikavu. Pakiti ya bei rahisi iliyopondwa pondwa huficha mengi.

Wapo watakaosema, “Nani ana nafasi ya kupika vitu hivyo asubuhi?” Hakuna anayetakiwa kupika asubuhi. Mayai huchemshwa jioni katika moto uleule wa sukuma wiki, na viazi vivyo hivyo. Labda swali la kweli ni nani atakayefanya. Mahali pengi mama ndiye aliyekamua, aliyechota maji, aliyewapeleka watoto shule, na sasa sisi tunakuja na gazeti letu kumwongezea kazi. La. Mwanamume anayeweza kupima dawa ya kupe bila kukosea anaweza pia kuchemsha yai. Dakika kumi tangu maji yachemke, na hana haja ya kuita mtu kumsaidia.

Wengine watasema kwamba maziwa ni fedha. Ni kweli, na hatusemi mtu auze pungufu kwa moyo mwema. Tunasema afanye hesabu mwenyewe kwa bei za kwake. Chukua nyumba ya watu wawili wenye vibarua watatu. Soda tano na mandazi kumi kila siku, mara siku 6, mara majuma 52. Upande wa pili andika lita mbili na nusu za maziwa na mayai matano kwa bei unayolipwa wewe shambani, si ile anayolipa mtu wa Nairobi. Kisha ongeza upande wa soda zile nusu saa anazopoteza mtoto au kibarua kwenda na kurudi kibandani. Hatuogopi jibu lake. Na hata mahali ambapo hesabu zitakaribiana, upande mmoja una chakula na upande wa pili una chupa tupu.

Chai hatuigombezi, ni kinywaji chetu. Ila ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga, na wanawake wenye mimba wana haja kubwa ya madini hayo. Yafaa wale kwanza, na chai ingoje kama saa moja. Chungwa au pera pamoja na chakula hufanya kinyume cha chai: husaidia.

Na maji. Katika Tuala maji mara nyingi hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo watu huyabania. Mtu ananunua soda kwa kiu, akidhani ni njaa. Kila afanyaye kazi juani awe na chupa yake ya maji safi tangu asubuhi, aimalize kabla ya saa nne, ndipo ajue kama kweli ana njaa.

Linabaki jambo la vibarua, nalo ni gumu kidogo, kwa sababu mandazi na chai yamekuwa sehemu ya mshahara mahali pengi, na kibarua akiletewa viazi aweza kudhani amedharauliwa. Hana kosa, amewahi kuona mabwana waliotumia maneno ya afya kumpunguzia haki yake. Basi zungumzeni siku ile ya kuelewana ujira, kabla ya kazi kuanza: saa nne kutakuwa na maziwa ya mgando, yai na viazi viwili, na wewe mwenye shamba utaketi ule hicho hicho.