Kimea si cha Pombe Tu

Mwezi huu tutazame tumbo la mtoto.

Tutafune kipande cha ndizi ya kuchemsha, hizi zinazoshuka kutoka Kinole na Matombo, tukae nacho mdomoni kidogo bila kumeza. Utamu utakaokuja haukutiwa na mtu. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata wanga kuwa sukari. Protini ya maharage huanza kukatwa tumboni na pepsini. Mafuta husubiri utumbo mwembamba, ambako nyongo huyatawanya na lipesi ya kongosho huyakata. Kila kimeng'enya na kazi yake.

Kongosho la mtoto mchanga hutoa amilesi kidogo mno. Hii ni sababu mojawapo ya kumpa maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Bibi akisema mtoto wa miezi 3 analilia uji, tumjibu kwa adabu, lakini uji tusimpe.

Baada ya hapo inakuja shida nyingine. Uji wenye unga wa kutosha ni mzito, mtoto anausukuma kwa ulimi. Tukiuzimua kwa maji, anashiba maji. Kliniki tunawapima watoto wa namna hiyo: wameshiba tangu asubuhi, na mstari kwenye kadi haupandi.

Hapo ndipo kimea kinapofaa. Nafaka inapoota hutengeneza amilesi yake yenyewe. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihimiza kimea katika uji wa watoto miaka ya 1980. Wapo wanaokunja uso kwa kuwa wanakijua kwenye pombe. Kinacholevya ni kule kuchachuka. Kimea chenyewe hakilevyi.

Tuloweke ulezi usiku kucha, tumwage maji, tuufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 hadi uchipue. Tuuanike ukauke kabisa (mvua za Uluguru tunazijua, ukiota ukungu, tuutupe), tupukuse vichipukizi, tusage. Tupike uji mzito, tuuipue, upoe kiasi cha kuonjeka, ndipo tutie kijiko cha chai cha kimea kwa kila kikombe na kukoroga. Ukiwa bado unachemka, moto huharibu kimeng'enya. Baada ya dakika chache utalegea wenyewe. Tuurudishe jikoni uchemke tena, maana vijidudu huzaliana nafaka inapoota. Mwisho tutie karanga zilizosagwa laini. Sukari haihitajiki, tuonje kwanza.