Mwigizaji Si Pambo la Mgeni Rasmi

Kidahwe ni njia panda. Anayetoka Kigoma mjini akifika hapa, ama hushika njia ya Kasulu, ama huendelea Uvinza. Majuzi nilikuwa hapo nikisubiri basi, nikiwa bado na hasira niliyotoka nayo kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari. Wasichana wa kidato cha nne walikuwa wameandaa mchezo wa kuigiza kuhusu mwenzao aliyepata ujauzito. Katika onyesho la mwisho msichana huyo anasimama mbele ya wazazi na walimu na kumtaja aliyempa mimba. Asubuhi ya sherehe onyesho hilo liliondolewa, eti mgeni rasmi asije akakwazika. Mahali pake ikawekwa ngonjera ya kumsifu mgeni. Msichana aliyejifunza maneno yale kwa majuma kadhaa alisimama mstari wa nyuma, akapiga makofi pamoja na wengine.

Mzazi mmoja aliyeketi karibu nami alisema, "Afadhali, Mwalimu. Uigizaji wenyewe uhuni tu."

Kwa mzazi huyo, na kwa waliolikata onyesho lile, nataka kumtaja Profesa Amandina Lihamba. Huyu ni mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, mwandishi wa tamthilia, na mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tamthilia yake ya Hawala ya Fedha aliijenga juu ya kisa cha Sembene Ousmane wa Senegali. Mwaka 1982 yeye, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Harakati za Ukombozi. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti kuhusu siasa na sanaa za maonyesho nchini baada ya Azimio la Arusha. Anayeuita uigizaji uhuni atueleze ni uhuni gani huu unaotafitiwa hadi ngazi ya udaktari.

Lakini sitaki kumtetea kwa vyeti. Vyeti tunavyo wengi, na wengi wetu tumenyamaza navyo. Namtetea kwa kazi yake.

Katika filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Lihamba aliigiza Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Samehe hasemi. Maumivu ya utotoni yamemfunga kinywa, na mwigizaji analazimika kuyabeba yote kwa macho, kwa mabega, kwa namna ya kuketi. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, mwaka 2001. Ilipita miaka ishirini na zaidi kabla ya nchi kupeleka nyingine, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji.

Sasa tazama alichokifanya mwigizaji huyo nje ya filamu. Mwaka 1996 yeye na Penina Mlama, ndiye yule Penina Muhando, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Utaratibu wake ulikuwa mwepisi kueleza na mgumu kuvumilia: wasichana wenyewe wanataja yanayowakwamisha shuleni, wanayachambua, wanayatungia mchezo, kisha wanauigiza mbele ya wale wale wanaohusika. Walimu wamo ukumbini. Wazazi wamo. Viongozi wamo. Onyesho likiisha, mjadala unaanza. Mwanamke aliyejua kuigiza ukimya wa Samehe alijua pia kwamba ukimya wa namna hiyo huanza utotoni, tena mara nyingi shuleni.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema waigizaji wa siku hizi wana umaarufu na wafuasi tele mitandaoni, wanataka nini tena? Umaarufu si sauti. Tunawaona majukwaani msimu wa uchaguzi wakicheza na kusifu. Uchaguzi ukipita, ni nani anayewauliza wanaonaje bei ya unga? Wa pili atasema miradi kama Tuseme hutegemea fedha za wahisani. Huenda. Basi aibu ni yetu, sisi tunaopata bajeti ya maturubai na chakula cha wageni, tukakosa ya mchezo wa watoto wetu.

Wa tatu, mtumishi wa umma, atasema kuna utaratibu. Upo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976. Lakini mahafalini sikusikia mtu akitaja sheria. Hofu ilitosha.

Na hofu hiyo inamlinda nani? Novemba 2021 Wizara ya Elimu iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Waziri aliyetangaza uamuzi huo alikuwa mbunge wa Kasulu Mjini, mwendo wa basi kutoka hapo Kidahwe nilipokuwa nimesimama. Kama serikali imekwisha kulitamka jambo hilo hadharani, ni mgeni rasmi gani huyo asiyeweza kulisikia kutoka kwa msichana wa kidato cha nne? Kilichokatwa asubuhi ile kilikuwa jina la mwanamume.

Kwa hiyo nasema hivi. Ndugu mtumishi wa umma, ukialikwa mahafalini, uliza kabla ya kuketi: ni onyesho gani limeondolewa kwa ajili yangu? Kisha omba lirudishwe. Ndugu mwanaharakati, kabla ya kuandika mradi mpya, jifunze Tuseme ilivyofanya kazi. Nawe mwanafunzi unayeionea haya shahada yako ya sanaa, soma maisha ya Lihamba.

Basi la Kasulu lilifika limejaa. Nilipanda nikasimama, nikimfikiria yule binti. Maneno yale bado anayajua kwa moyo. Nani atamwita ayaseme?