Kabla ya Kununua Kopo, Nionyeshe Kichwa

Kila Desemba, Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi wanaporudi kula Krismasi nyumbani, saluni za Mkuu, Rombo, hujaa mpaka wateja wengine wanasubiri nje kwenye viti vya plastiki. Kwangu nako wanakuja. Wigi linavuliwa, rasta za tangu Oktoba zinafumuliwa, kilemba kinawekwa mapajani, na msusi anaona kile ambacho hata mume hajaonyeshwa. Nimesuka hapa Rombo tangu nikiwa msichana, kwa hiyo upara wa mwanamke haunishtui. Kinachonishangaza ni makopo. Siku hizi mteja akifungua mkoba kutoa kitana, kinatoka pia kikopo cha unga wa kijani, au chupa ya mafuta meusi, au vidonge vyenye picha ya mwanamke wa nywele za kuteleza hadi kiunoni. "Ni mitishamba mitupu, dada, haina kemikali," ananiambia, kabla sijauliza lolote.

Sina ugomvi na mitishamba. Mafuta ya nyonyo nayatumia kazini, mshubiri umeota nyuma ya saluni yangu, na rozimari naichemsha kama wanavyoichemsha wasusi wengine. Ugomvi wangu ni na kopo moja linalodai kutibu vichwa vyote. Nywele kunyonyoka si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama ilivyo homa. Mtu akikuuzia dawa ya homa bila kukuuliza kama una malaria, taifodi au jino bovu, utamkimbia. Kwenye nywele hatukimbii. Tunatoa elfu thelathini na kuomba tupunguziwe la pili.

Chukua mzazi. Uchagani mwanamke aliyejifungua hutunzwa hasa: mtori, maziwa, mlaso, mama mkwe akisimamia jiko, na miezi mitatu ya kutogusa kazi ngumu. Halafu, wakati ule ule anapoanza kujisikia mzima, nywele zinaanza kutoka konzi kwa konzi. Anakuja kwangu analia. Sababu yake inajulikana vizuri: wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele nyingi zisiingie kwenye mapumziko yake ya kawaida, akishajifungua zinaingia kwa pamoja, na baada ya kama miezi mitatu zinaanguka kwa pamoja. Mizizi haijafa. Kwa wengi, mtoto anapofikisha mwaka, nywele zimesharudi bila dawa yoyote.

Lakini nani atakaa mwaka mzima akizitazama tu? Mwezi wa nne ananunua kopo, mwezi wa nane vinywele vipya vimesimama juu ya paji la uso, na jumuiya inapokutana anawasimulia wenzake. Hadanganyi. Alikunywa, na zimeota. Ndivyo inavyokuwa kwa aliyeugua malaria kali, aliyefanyiwa upasuaji, au aliyefiwa akashindwa kula: nywele huanguka miezi miwili mitatu baadaye, wakati ugonjwa ameshausahau, kisha zinarudi zenyewe. Kazi imefanywa na muda, sifa amepewa mwenye kopo.

Ushuhuda huo ukitoka jumuiyani unafika kwa mwanamke ambaye shida yake ni nyingine kabisa, na huyu ndiye ninayemwona mara nyingi kuliko wote. Nywele zimerudi nyuma kuanzia kwenye paji la uso na juu ya masikio. Ukingoni kabisa vimebaki vinywele vichache vyembamba, nyuma yake peupe. Msusi akiona mstari huo hahitaji kuuliza: nywele zimevutwa. Ni rasta nzito, ni mabutu ya kubana tangu utotoni, ni wivingi iliyoshonwa juu ya nywele zilizowekwa dawa wiki hiyo hiyo. Watafiti wa Cape Town waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliukuta upara wa namna hii kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliowachunguza, na kwa wasichana wa shule kama 17 katika kila 100. Mwanzoni ukiacha kuvuta zinarudi. Ukiendelea kwa miaka, shina linageuka kovu na hazirudi tena.

Sasa mwanamke huyu anakunywa unga wake kijiko asubuhi na jioni, na kila rasta zikichakaa anarudi kusuka zile zile, kwa kubana kule kule. Unga huo hata ukiwa na majani yote ya msitu wa Kilimanjaro, hauwezi kulegeza msuko. Nikimwambia tupumzishe kichwa, tusuke za mkono bila kuongeza nywele, ananitazama kana kwamba namfukuzia biashara mwenzangu wa duka la rasta. Labda ni kweli namfukuzia.

Utosini ndiko kunakonitia hofu zaidi. Kuna ugonjwa unaoanzia katikati ya kichwa na kupanuka taratibu, na wanaoupata zaidi ni wanawake weusi. Unawasha, unachoma, kisha ngozi inakuwa laini na kung'aa, haina tena vitundu vya nywele. Mwaka 2019 wanasayansi walitangaza jeni inayohusika nao kwa baadhi ya wagonjwa, na mimi halikunishangaza, maana nimesuka mama na binti wenye uwazi sehemu ile ile. Pale kovu lilipokwisha kukaa hakuna cha kuotesha. Tiba ya hospitali inapambana lisiendelee. Kwa mgonjwa huyu, kila mwezi anaoumaliza akijaribu kopo jingine ni mwezi ambao kovu linatembea.

Mapunye nayo. Watoto wetu wa shule za msingi wananyolewa, kwa hiyo viraka vyake tunaviona waziwazi barabarani. Fangasi wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, na dawa ya kupaka, iwe ya shambani au ya dukani, haiwamalizi. Mtoto anahitaji vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, na griseofulvin ndiyo iliyozoeleka. Yakiachwa yakavimba na kutoa usaha, anaweza kubaki na kiraka maisha yake yote. Nimewahi kuletewa mtoto ambaye bibi yake alimsugua kitunguu saumu mpaka ngozi ya kichwa ikaungua. Bibi wa watu alikuwa na nia njema kabisa.

Wanaume pia wanakuja, ingawa hujifanya wamemsindikiza mke. Mzee mmoja, meku ninayemheshimu sana, alinionyesha chupa ya vidonge vya nywele aliyotumiwa na mwanawe aliye Marekani. Tukasoma orodha ya vilivyomo, tukakuta pygeum. Nilitamani kucheka. Pygeum ni mti wetu. Kitaalamu unaitwa Prunus africana, Wachagga wengi wanaujua kama mkondekonde, na unaota kwenye msitu wa mlima huu huu ulio juu ya paa langu. Tangu miaka ya 1960 Wafaransa wamekuwa wakitengeneza dawa ya tezi dume iliyovimba kutokana na gome lake. Biashara hiyo ilikua mpaka miti ikaanza kufa kwa kubanduliwa, hasa Kameruni na Madagaska, na tangu 1995 mti huo umo katika orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kwetu hapa msitu wa mlima uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ukikutwa unabandua gome utaeleza mbele ya askari.

Gome hilo lilifikaje kwenye dawa za nywele? Tezi dume na upara wa kiume vinahusishwa na homoni moja, DHT. Wauzaji wakajumlisha: kama gome linamsaidia mzee kukojoa, basi litamwotesha na nywele. Ni mruko mrefu. Majaribio yaliyoonyesha kwamba gome linasaidia kiasi yaliuliza habari za mkojo, hayakuhesabu nywele. Nikamwambia meku: gome limeondoka Afrika, limepanda ndege, limerudi Rombo ndani ya kidonge kwa bei ya mbuzi. Alicheka sana. Bado anavimeza, kichwa kiko vile vile, ila anasema usiku haamki mara nyingi kama zamani. Nikamsihi akapime hiyo tezi hospitali.

Haki itendeke, yapo mambo ya mitishamba yaliyopimwa. Mwaka 1998 madaktari wa Aberdeen, Uskoti, waliwapa watu wenye upara wa viraka mafuta yenye rozimari, thaimu, lavenda na mwerezi wayasugue kichwani kila siku kwa miezi 7. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 44, dhidi ya 15 kwa waliopewa mafuta ya kawaida. Mwaka 2015 huko Iran, watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa, nusu rozimari, nusu dawa ya kupaka ya minoxidil ya asilimia 2, ambayo ndiyo ile hafifu. Miezi mitatu, hakuna kitu upande wowote. Miezi sita, pande zote mbili zikaonyesha maendeleo yaliyokaribiana. Korea Kusini nako mwaka 2014 wanaume waliomeza mafuta ya mbegu za maboga kwa wiki 24 waliongeza nywele kuliko waliomeza vidonge vitupu, ingawa kidonge chao kilikuwa na vitu vingine pia ndani yake.

Ndugu msomaji, tazama vizuri hapo. Kila jaribio lilichagua aina moja ya upara kabla ya kuanza, na yote yalichukua karibu nusu mwaka au zaidi. Unywele wa binadamu huota kama sentimita moja kwa mwezi, wetu wa kipilipili pungufu kidogo. Kwa hiyo yule anayepita na kipaza sauti siku ya soko akiahidi nywele za mabegani kwa wiki mbili, hata mitishamba yake mwenyewe anaisingizia.

Na hilo neno "haina madhara" tulipunguze. Mwaka 2008 huko Marekani watu 201 waliugua baada ya kunywa kirutubisho cha maji kilichochanganywa vibaya, kikiwa na madini ya seleniamu mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye chupa. Mojawapo ya dalili kuu? Nywele kunyonyoka. Vitamini A ikizidi nayo inanyonyoa nywele. Biotini, ambayo imo karibu katika kila kidonge cha nywele kinachopita saluni kwangu, ikiwa nyingi mwilini inaweza kuvuruga vipimo vya damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017. Miongoni mwa vipimo hivyo ni vya tezi ya shingo, ile ya rovu, na tezi hiyo ikiharibika nywele huanguka. Yaani mgonjwa anaweza kumeza kidonge kinachoficha ugonjwa unaomnyonyoa. Ukienda kupimwa, mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama unaona ni majani tu.

Sheria tunazo. Ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, nayo ndiyo iliyounda Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Vipodozi, yakiwemo mafuta ya kupaka nywele, viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Lakini kopo la kunywa lina ujanja wake: muuzaji akiulizwa kibali, ni lishe, akisifia, ni dawa. Ningependa Baraza na TBS wapite masokoni kwetu, Mkuu, Tarakea mpaka Himo, wasiishie Kariakoo, na waseme jambo moja wazi: kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, kiasi chake, na anwani ya aliyelitengeneza, lisiuzwe. Muuza mitishamba mkweli halimwumizi hilo. Litamwondolea majirani wanaomharibia jina.

Mwenyewe nina utaratibu. Mteja akinionyesha kopo, naomba kwanza anionyeshe kichwa, kisha namuuliza: zilianza lini, umejifungua, uliugua, hedhi yako ni nzito, panawasha, mama yako anazo? Kama amejifungua karibuni namwambia asubiri na abaki na hela yake. Kama anaonekana hana damu, supu ya kisusio anywe, lakini damu ipimwe kwanza. Kama ni kiraka, kuwasha, usaha, au ngozi inayong'aa, simgusi, namwelekeza hospitali. Hospitali ya Huruma iko hapa hapa Mkuu. Na Moshi, pale hospitali ya KCMC, tangu 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachowafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Wageni wanatoka mbali kuja kusomea vichwa vyetu, sisi tunapita nje ya geti tukienda sokoni kununua unga.

Wasusi wenzangu, nanyi nawaomba. Mteja akisema panauma, legezeni. Akisisitiza kubana ili zidumu, mkatalieni, hata ikiwa ni tarehe 23 Desemba na yuko tayari kuongeza hela. Ukiona uwazi utosini, usiufunike kwa wivingi ukanyamaza. Mwambie siku hiyo hiyo, kwa faragha, na umwandikie kwenye karatasi neno "kliniki ya ngozi" akaliulize mapokezi.